Damari Kitundu Atazungumza Jumamosi

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, Theresia alishuka kwenye bajaji mbele ya geti la Jumba la Sanaa ya Kisasa, Mwankoko, akiwa amekumbatia mabango mia mbili yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Jumba hilo zamani lilikuwa ghala la alizeti, na siku za joto kuta zake bado zilitoa harufu ya mashudu. Theresia alikuwa ofisa matukio. Aliandika ratiba ya maonesho yajayo na mazungumzo ya wasanii, akaipeleka kwa mchapaji mjini, kisha akaibandika stendi, sokoni, chuoni, na kwenye makanisa na misikiti iliyomruhusu. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja na ulibakiza majuma sita.

Alifungua kamba na kulisoma bango la juu mstari kwa mstari. Onesho la kwanza, "Kiu", vyungu arobaini na kimoja, msanii Calist Alute, kuanzia tarehe saba. Mwezi wa nne, picha za mafundi wa reli wa Manyoni na Itigi. Mwezi wa tano, michoro kwenye magunia ya vitunguu. Chini yake yalifuata mazungumzo: Calist Alute, Jumamosi hiyo ya tarehe saba, saa tisa alasiri. Hapo ndipo yeye alipokuwa ameishia. Lakini bango liliendelea kwa mstari mmoja, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule:

"Damari Kitundu wa Ulemo, Jumamosi hiyohiyo, saa kumi."

Theresia aliangalia bango la pili, la kumi, la mwisho. Yote yalikuwa hivyo. Aliyafunga tena na kuyapeleka kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi, Bwana Philipo, alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Aliusoma mstari ule, akavua miwani, akamtazama Theresia badala ya bango.

"Huyu ni nani?"

"Simjui, Mkurugenzi. Sikumwandika."

"Bango limeandikwa na wewe."

"Nililoandika mimi liko kwenye kompyuta. Tukaangalie."

Walikwenda kuangalia. Kwenye kompyuta pia Damari Kitundu alikuwepo, saa kumi.

Bwana Philipo aliufuta mstari mwenyewe, akabadilisha neno la siri, akampigia mchapaji na kumwambia achape upya. Kisha akampigia Calist Alute, aliyekuwa Dar es Salaam akijiandaa kuja. Aliweka spika ili Theresia asikie, maana alitaka kumwangalia uso wakati jina likitajwa.

"Kuna mtu anaitwa Damari Kitundu," alisema. "Unamfahamu?"

Kabla ya kujibu, Calist alisikika akifunga mlango.

"Huyo mama alishafariki," alisema. "Mwaka wa tano huu. Nani amewapa jina lake?"

"Limejitokeza."

"Limejitokeza kwa nani? Kuna mtu anatafuta kuniharibia. Angalieni wafanyakazi wenu."

Swali lililotakiwa kufuata lilikuwa ni vipi Calist alijua mwaka wa kifo cha mwanamke wa Ulemo. Theresia alilisubiri. Bwana Philipo alimtakia msanii safari njema na kukata simu.

Mabango mapya yalifika Jumanne. Mstari ulikuwepo. Bwana Philipo aliagiza ufunikwe kwa vipande vya karatasi nyeupe, na Theresia na mlinzi Festo wakakaa sakafuni tangu asubuhi hadi adhuhuri wakipaka gundi na kubandika. Gundi ilipokauka, mstari ulikuwa umehamia juu ya vile vipande, safi kabisa, umenyooka kuliko vipande vyenyewe. Festo alisema kazi yao ilikuwa nzuri, ni vile tu haikusaidia.

Baada ya hapo kila mtu alianza kumwangalia mwenzake. Bwana Philipo alichukua funguo za Theresia. Akamweka Festo kwenye kiti mbele ya ubao wa matangazo, akiwa na daftari, aandike jina la yeyote atakayeusogelea. Festo alikaa siku nzima. Jioni daftari lilikuwa na maandishi haya tu: "Saa nne na dakika kumi, mstari umejiandika. Hakuna mtu." Bwana Philipo alisoma na kumuuliza kama ana ndugu Ulemo. Festo alisema mama mkwe wake ni wa huko. Mkurugenzi aliandika jambo hilo pembeni.

Theresia naye alimshuku Festo, kwa sababu ya yule mama mkwe. Festo alimshuku mchapaji. Mchapaji alipiga simu kusema ofisi yake ni ya heshima na kwamba kama kuna watu wa jumba la sanaa wanaochezea kazi yake, waache.

Jumatano hiyo jioni Bwana Philipo alimwita Theresia.

"Nenda Ulemo," alisema. "Tafuta familia ya huyo mama. Waandike kwa mkono wao kwamba mtu wao amefariki na hatakuja Jumamosi. Wasaini. Hiyo barua tutaibandika chini ya ratiba, mambo yaishe."

Theresia alipanda basi la Nzega alfajiri ya Alhamisi. Ulemo aliuliza nyumba ya marehemu Damari mfinyanzi, na watu watatu walimwelekeza bila kumuuliza shida yake, lakini kila mmoja alibaki amesimama njiani akimtazama mpaka alipopinda kona.

Alimkuta Scola, binti wa marehemu, akipepeta mtama uani. Alikuwa mwanamke wa umri wake Theresia, mwenye mikono mirefu. Theresia alisalimia, akajitambulisha. Scola aliposikia maneno "jumba la sanaa" hakumpa kigoda. Alisema kitu kwa Kinyiramba kuelekea ndani ya nyumba, mlango ukafungwa.

"Mmekuja kuchukua nini tena?" aliuliza. "Vilishakwisha."

"Vitu gani, dada?"

"Vyungu."

Theresia alibaki amesimama. Jua lilikuwa kali na Scola aliendelea kupepeta. Baadaye, labda kwa kuona mgeni haondoki, alieleza.

Siku ya pili ya matanga ya mama yake alikuja kijana wa mjini amevaa kofia. Alisema amesikia habari za marehemu na anataka kuvipiga picha vyungu vyake ili visisahaulike. Mitungi ya maji, vyungu vya pombe, vile vidogo vya dawa, vyote mama alivyokuwa amevichoma kwa nyasi na samadi mwaka wake wa mwisho akavipanga kwenye banda asiviuze. Familia ilikuwa na msiba, vichwa havikuwa sawa. Kijana alisema hapa mwanga ni mbaya, ataviazima mwezi mmoja. Alileta gari. Alivifunga kwenye majani makavu kwa uangalifu, hata walimsifu.

"Akaacha karatasi," alisema Scola.

Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyohifadhiwa ndani ya Biblia. Iliandikwa kwa kalamu: "Nimeazima vyungu arobaini na kimoja kutoka kwa familia ya marehemu Damari Kitundu kwa ajili ya kupiga picha. Nitavirudisha. Calist Alute." Chini kulikuwa na tarehe na sahihi yenye mkia.

Theresia aliifahamu sahihi hiyo. Wiki mbili nyuma alikuwa ameinakili kwenye kibao cha maelezo, yeye mwenyewe, kwa sababu Calist alitaka sahihi yake ionekane ukutani. Aliomba kuipiga picha ile karatasi. Scola aliivuta karatasi kifuani.

"Na wewe pia ni mpiga picha?"

"Hapana, dada. Nataka bosi wangu aione."

Scola alimruhusu, lakini karatasi aliishika mwenyewe, hakuiachia.

Kisha Theresia alikumbuka kilichomleta. Alieleza kuhusu ratiba, mstari, na saa kumi. Alitoa kalamu. Scola alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siwezi kumsainia mama," alisema. "Kama amesema atakuja, atakuja. Tangu nimjue hakukosa siku ya mnada hata moja, mvua au jua."

Alimpa kigoda wakati Theresia anaaga, kwa hiyo ikabidi akae kidogo ndipo aondoke.

Ijumaa asubuhi Theresia alimwonesha Bwana Philipo picha kwenye simu. Mkurugenzi aliikuza kwa vidole viwili, akaisoma taratibu, akasoma tena.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Hujamtumia mtu?"

"Hapana."

Aliifuta. Aliifuta polepole, simu ikiwa mezani katikati yao, ili Theresia aone kwamba hakuna kinachofichwa. Kisha akamrudishia simu pamoja na funguo zake za ofisi.

"Kuna wageni wanatoka ubalozini kesho," alisema. "Na mkataba wako tutauzungumza mwisho wa mwezi. Nimependa bidii yako. Hakikisha viti vinatosha kwa mazungumzo yote mawili."

Theresia alisema sawa. Alikwenda ukumbini kupanga viti. Vyungu vilikuwa vimepangwa sakafuni kwa mduara, na kila kimoja shingoni kimefungwa uzi mwekundu. Uzi ndio aliouongeza Calist. Theresia aliinama, akatia mkono ndani ya chungu kimoja. Ndani ya shingo, mahali ambapo jicho halifiki, kulikuwa na alama ya dole gumba, imezama vizuri. Alijaribu kingine. Ilikuwepo. Alijaribu vitano, kisha akaacha, kwa sababu Festo alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia, na hakutaka Festo aanze kufikiria mambo.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa. Calist Alute alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya ukame, kumbukumbu na utupu. Alisema vyungu hivi alivikuta ndani ya nafsi yake. Wageni wa ubalozini waliandika.

Saa kumi kasoro dakika tano, Damari Kitundu alifika getini.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, amevaa kitenge alichozikwa nacho na kandambili zilizojaa vumbi la barabarani. Festo alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa mazungumzo."

"Una kitambulisho?"

"Kile walikichukua nilipofariki."

"Siwezi kumwingiza mzungumzaji bila kitambulisho, mama. Ndiyo utaratibu."

Damari alifungua pindo la kitenge na kutoa cheti chake cha kifo. Festo alikikagua mbele na nyuma, akakiinua kwenye mwanga kuutafuta muhuri. Jina lilikuwa sawa, kijiji kilikuwa sawa. Alisema hiki ni nakala, siyo cheti halisi. Damari alisema cheti halisi kiko kwa Scola. Festo alifikiri, akaandika namba ya cheti kwenye daftari, akamwonesha pa kuweka kidole gumba, akamruhusu.

Bwana Philipo alikuwa ameamua tangu Ijumaa kwamba kama atakuja, atapokelewa. Alimkaribisha kwa sauti ya ukumbini, akasema jumba lina bahati ya kuwa na mgeni kutoka Ulemo, Iramba. Hakutaja chochote zaidi. Calist alihamia kiti cha mstari wa mbele na kupandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

Damari hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alizunguka kwenye mduara akigusa vyungu kwa ncha za vidole kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakirudi zizini, na alipotosheka alianza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, hivi kwamba ilibidi watu wa nyuma wasogee. Alisema mtungi huu ni wa udongo wa bondeni, udongo wa kilimani hupasuka. Huu aliufinyanga wakati mjukuu wake ana surua, ndiyo maana una bega moja la chini. Hivi vitatu alivichoma siku yenye upepo, vikashika moshi upande mmoja. Aliuliza uzi mwekundu ni wa nini.

"Ni kiu, mama," alisema Calist kutoka mstari wa mbele. "Unawakilisha koo la mtu mwenye kiu."

"Aha," alisema Damari.

Mwanamke mmoja wa ubalozini aliinua mkono. Alizungumza Kiswahili kizuri.

"Mama, wewe na msanii mlikutana wapi?"

"Kwenye msiba wangu."

Yule mwanamke aliandika. Calist pia aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga. Mtu mwingine aliuliza udongo huchukua siku ngapi kukauka, na Damari alijibu swali hilo kwa kirefu, kwa furaha, akionesha kwa mikono.

Mwishoni alisimama mbele ya kile kibao cha maelezo ukutani. Alikitazama kwa karibu, halafu akageuka kutafuta mtu.

"Wewe uliyekwenda kwangu," alimwambia Theresia. "Mimi shule sikwenda. Nisomee."

Theresia alitoka pale alipokuwa amesimama karibu na swichi za taa. Bwana Philipo alikuwa upande wa kulia. Calist alikuwa anaangalia saa. Theresia alisoma: "Calist Alute. Kiu. Udongo na uzi. Vyungu vyote vimetengenezwa na msanii."

"Na mimi nimeandikwa wapi?"

Theresia angeweza kusema mambo mengi. Ile karatasi alikuwa ameisoma mara tatu na bado aliikumbuka neno kwa neno.

"Hujaandikwa, mama."

"Sawa," alisema Damari. "Nilifikiri hivyo, ila nilitaka nisikie kwa mtu aliyesoma."

Bwana Philipo alianza kupiga makofi na wengine wakafuata. Alimkabidhi Damari cheti cha ushiriki, jina likiwa limeandikwa bila kosa. Walipiga picha ya pamoja, Damari katikati, Calist akiwa ameweka mkono begani kwake. Picha ilitoka vizuri na iliwekwa mtandaoni jioni ileile.

Jumatatu Scola alikuja kutoka Ulemo na ile karatasi halisi. Bwana Philipo alimpokea ofisini, Theresia akiwa anaandika kumbukumbu za kikao. Scola alisema anataka vyungu vya mama yake. Bwana Philipo aliisoma karatasi kwa heshima, akaeleza hali ilivyo. Kama mama amefariki, mrithi ana haki ya kudai. Lakini mama alikuwa hapa Jumamosi, amesaini daftari la getini kwa kidole, watu mia moja na zaidi wamemwona. Mwenye mali akiwepo, mrithi anadai nini?

"Basi adai mwenyewe," alisema Scola.

"Hapo kuna tatizo la pili," alisema Bwana Philipo. "Ana cheti cha kifo. Malalamiko ya marehemu hatuna utaratibu wa kuyapokea."

Scola alimgeukia Theresia.

"Wewe umeiona karatasi hii. Ulikuja nyumbani, nikakupa kigoda. Andika basi kwamba umeiona."

Kalamu ya Theresia ilikuwa juu ya karatasi. Aliandika kwamba mjumbe wa familia aliwasilisha ombi na alielezwa utaratibu. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Scola, aliyekuwa anasoma maandishi yake juu chini kutoka upande wa pili wa meza, alichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akatoka bila kuaga.

Calist alirudi Dar es Salaam. Onesho liliongezewa muda hadi mwezi wa sita, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kutoka Manyoni na hata Dodoma kumsikia Damari Kitundu, aliyesimama kwenye mduara wa vyungu kila Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano bila kukosa. Festo aliacha kumwomba cheti. Mwisho wa mwezi Theresia alipewa mkataba mpya, wa miaka miwili. Aliusaini ofisini kwa Bwana Philipo, wakapeana mikono, na aliporudi mezani kwake alikaa kwa muda bila kuwasha kompyuta.

Scola pia alikuwa anakuja Jumamosi. Alipanga foleni na wageni wengine, akaandika jina lake kwenye kitabu, akamsikiliza mama yake akijibu maswali ya watu. Jumba lilipofungwa walikaa wawili kwenye benchi la nje ya geti, wakila viazi vitamu alivyobeba Scola na kuzungumza Kinyiramba. Jua lilipokaribia kuzama Damari alirudi ndani kulala kando ya vyungu. Scola alikuwa amemwomba mara kadhaa waondoke pamoja na Bwana Philipo hakuwa na kipingamizi, kwa kuwa mama hayumo kwenye orodha ya mali za jumba. Ila Damari alisema hawezi kuviacha vitu vyake kwa watu asiowajua.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Theresia alipita mbele ya benchi lile akiwa anakwenda nyumbani. Alimwamkia Damari, akamsalimia Scola, ambaye hakuitikia.

"Wiki ijayo nimo?" aliuliza Damari.

"Umo, mama. Ratiba nimeshaipeleka kwa mchapaji."

"Umeandika mimi ni nani?"

Theresia alihamisha mkoba bega la pili.

"Mgeni wa msanii."

Damari alitafuna kipande cha kiazi mpaka kikaisha. Kisha alimgusa Scola paja, akamwambia asogee, na Scola akasogea, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi.

"Kaa basi ule," alisema Damari. "Umekonda."

Theresia alisema ahsante, amechelewa, bajaji zitaisha. Bajaji tatu zilikuwa zimepaki pale pale mbele yao. Alipanda ya kwanza.